Uuguzi wa tiba ya Kichina kwa mgonjwa wa upasuaji wa saratani ya kibofu

Kazi hii nilifunzwa China, katika wodi ya upasuaji wa njia ya mkojo ya hospitali moja mkoani Guangdong. Nawaandikia wauguzi wenzangu, na ndugu wanaokesha na mgonjwa. Uvimbe huondolewa na daktari wa upasuaji. Mikono yetu inashughulikia kichefuchefu, tumbo kujaa, kibofu kujikaza na usiku usio na usingizi.

Hatua ya 1: Kagua mitishamba kabla ya upasuaji

Mwombe mgonjwa akuletee kila anachokunywa, hata kile alichopewa na jirani. Baadhi ya mitishamba ya Kichina ina asidi ya aristolokia, inayoharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Mmojawapo ni guan mu tong, uliotumika miaka mingi kufungulia mkojo, yaani kwa tatizo lilelile linaloweza kumleta mgonjwa wetu hospitali. Ubelgiji, miaka ya 1990, wanawake waliomeza vidonge vya kupunguza mwili vyenye asidi hiyo waliharibikiwa figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani. China ilipiga marufuku guan mu tong mwaka 2003. Danshen na danggui, mizizi ya dawa za Kichina, nazo huongeza hatari ya kuvuja damu, hasa kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Andika kila kitu kwenye faili na umjulishe daktari wa usingizi. Pakiti isiyojulikana ndani yake kuna nini, iwekwe kando. Hapa mimi sina mjadala.

Hatua ya 2: Tuliza hofu

Tiba ya Kichina huoanisha kibofu na figo, na husema hofu huumiza figo. Usiku wa kuamkia upasuaji tunabandika mbegu za wang bu liu xing sikioni, nyeusi na ndogo, kila moja kwenye kiplasta chake. Safisha sikio kwa spiriti, liache likauke. Bandika kwenye pointi, yaani mahali maalumu pa kubonyeza, ya Shenmen, katika kijibonde cha pembetatu sehemu ya juu ya sikio, na kwenye pointi ya kibofu chini yake kidogo. Bonyeza kila moja kwa dakika 1, mara 3 hadi 5 kwa siku, mpaka sikio lipate joto na mchonyoto mdogo. Baada ya siku 3 hamia sikio la pili. Mwenye kidonda sikioni au mzio wa plasta, mwache.

Hatua ya 3: Saa za kwanza, anza na mpira wa mkojo

Uvimbe ukikwanguliwa kupitia njia ya mkojo, maji ya chumvi ya asilimia 0.9 huingizwa kibofuni na kutoka kwa mpira wenye njia tatu. Linganisha yanayoingia na yanayotoka. Yakiingia bila kutoka na tumbo la chini likawa gumu, huenda damu iliyoganda imeziba. Simamisha maji, mwite daktari, na usiguse pointi yoyote kwanza.

Kibofu kikijikaza, mgonjwa hubanwa na mkojo ghafla na mkojo huvuja pembeni ya mpira. Hakikisha mpira haujajikunja wala kuziba. Baada ya hapo ndipo unapobonyeza zile mbegu za sikioni. Maji yaliyopashwa kukaribia joto la mwili nayo husaidia.

Kwa kichefuchefu cha nusukaputi, bonyeza pointi ya Neiguan: upana wa vidole vitatu juu ya mkunjo wa kifundo cha mkono, upande wa ndani, katikati ya kano mbili. Katika yote ninayoeleza hapa, hii ndiyo ninayoiamini zaidi, maana imechunguzwa sana na imeonekana kusaidia.

Hatua ya 4: Liamshe tumbo

Kibofu kizima kikitolewa, kipande cha utumbo mwembamba hukatwa kutengeneza njia mpya ya mkojo, na utumbo hulala kwa siku kadhaa. Wagonjwa wetu wa Pemba na Kanda ya Ziwa Victoria, ambako kichocho husababisha saratani ya kibofu, wengi hufika wamechelewa na kuishia kwenye upasuaji huu. Kwa hiyo hatua hii isomeni taratibu.

Kwanza tazama miguu yote miwili. Shavu la mguu likiwa limevimba, lina joto au linauma, huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa: usisugue, mwite daktari. Miguu ikiwa salama, bonyeza pointi ya Zusanli, upana wa vidole vinne chini ya goti, kidole kimoja nje ya mfupa wa muundi, dakika 3 hadi 5 kila mguu.

Wodini tulitumia pia mfuko wa chumvi ya mawe na matunda makavu ya wu zhu yu, vikiwa vimepashwa moto, mbali na mshono na stoma, yaani tundu la tumboni la kutolea mkojo. Nikiwa mgeni nilimwekea mzee aliyekuwa na ganzi ya mgongoni. Hakulalamika, kwa sababu hakuhisi kitu, na ngozi yake ikawa nyekundu. Tangu siku hiyo, mwenye ganzi simwekei joto. Moksa, yale majani makavu ya ai, jamaa wa pakanga, yanayochomwa ili kupasha pointi joto, siichomi karibu na kidonda, wala karibu na oksijeni.

Akitoa ushuzi, mpongeze na umjulishe daktari. Uji mwepesi uanze kwa ruhusa yake.

Hatua ya 5: Kumruhusu nyumbani

Mfundishe ndugu mmoja kupata Neiguan na Zusanli, naye akuonyeshe kwa vidole vyake mwenyewe. Mwandikie dalili za kurudi haraka: mkojo kukatika, mabonge ya damu, homa. Aliyekwanguliwa uvimbe mwandikie pia tarehe ya kuchunguzwa kibofu kwa kamera, kwa kawaida baada ya miezi 3.