Mdogo wako ameitwa na klabu ndogo ya Morocco? Tazama karatasi kabla ya kutuma nauli

Ukiishi Ulaya, Ghuba au Marekani na una mdogo wako au mpwa anayecheza mpira nyumbani, ipo siku utapigiwa simu: klabu ya Uarabuni imemtaka, nauli inahitajika wiki hii, na tegemeo ni wewe. Haya nayaandika kwa ajili ya siku hiyo, na pia kwa kijana ambaye ameshafika huko na bado hajaelewa vizuri alichosaini.

Nitachukua klabu moja iwe mfano: Difaâ El Jadidi. Ilianzishwa mwaka 1956 katika mji wa El Jadida, pwani ya Atlantiki, kama kilomita 100 kusini-magharibi mwa Casablanca. Si Wydad wala Raja, klabu kubwa za Casablanca. Taji lake linalokumbukwa zaidi ni Kombe la Mfalme la mwaka 2013, ilipoitoa Raja kwa penalti katika fainali. Lakini Waafrika Mashariki tunaijua. Simon Msuva alitoka Yanga kwenda huko mwaka 2017, mwaka uliofuata akacheza nayo hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na mwaka 2020 akachukuliwa na Wydad. Nickson Kibabage aliyetokea Mtibwa Sugar amepita hapo, na Masud Juma wa Kenya pia. Kwa hiyo mlango upo kweli, na klabu ya kiwango hiki inaweza kumpandisha mchezaji. Ila klabu za kiwango hiki hupanda na kushuka daraja, na zinaposhuka, pesa hupungua haraka. Ninayoyaeleza hapa chini ni tahadhari kwa klabu ndogo yoyote, simtuhumu mtu.

Kwanza uliza umri. Kanuni za FIFA zinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache sana, kwa mfano wazazi wake wamehamia nchi hiyo kwa shughuli zisizohusiana na mpira. Kijana wa miaka 16 aliyeambiwa kuna "akademi" inayomsubiri, na kwamba wazazi watafute nauli, hapaswi kusafiri. Na kama anashauriwa kubadilisha cheti cha kuzaliwa, mwambie mama yake ukweli siku hiyo hiyo, hata kama familia yote itakununia.

Kisha uliza anaitwa kusaini au kufanya majaribio. Majaribio si ajira. Yana taratibu zake FIFA: kunajazwa fomu, muda una ukomo, na gharama za safari, malazi na chakula ni za klabu. Mtu anayekuomba wewe pesa ya "kumfungulia nafasi ya majaribio" anafanya biashara yake mwenyewe. Jina la wakala litafute kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ambayo FIFA imeiweka wazi mtandaoni. Akiwemo, aoneshe mkataba wa uwakilishi. Kwa mchezaji hauruhusiwi kuzidi miaka miwili. Asipokuwemo, muage kwa heshima.

Sasa mkataba, na hapa usiwe na haraka. Utakuja kwa Kifaransa au Kiarabu. Sisi tulio nje tuna faida moja kubwa: karibu kila mtu anamfahamu Mkongo, Mrundi au Mnyarwanda anayesoma Kifaransa bila shida. Mtumie, aupitie kipengele kwa kipengele, na kijana awe kwenye simu akisikiliza. Tazama kwanza nani anasaini upande wa klabu. Sheria ya michezo ya Morocco, namba 30-09, imezielekeza klabu za kulipwa kuunda kampuni, kwa hiyo jina lilelile linaweza kubebwa na chama cha michezo na pia na kampuni. Unataka kujua ni ipi kati ya hizo inayodaiwa mshahara, na kama aliyesaini ana mamlaka hayo.

Malipo katika soka la Morocco kwa kawaida yana mafungu matatu: mshahara wa mwezi, fedha za usajili za kila msimu zinazolipwa kwa awamu, na bonasi za mechi. Mara nyingi fungu nono ni lile la pili, na hilo ndilo linalochelewa. Kijana anakwambia kwa furaha jumla ya mwaka, kumbe mshahara wenyewe ni mdogo na pesa nyingi zimesogezwa hadi baada ya Januari. Kila awamu iwe na tarehe na kiasi. "Italipwa katika msimu" haitoshi. Iandikwe pia kama kiasi hicho ni kabla ya kodi au ndicho atakachopokea mkononi, na kwa sarafu gani.

Kuna mambo mawili ambayo wachezaji wengi hawayajui. La kwanza, FIFA hairuhusu uhalali wa mkataba kutegemea vipimo vya afya au kibali cha kazi. Klabu ikitaka kumpima, impime kabla ya kusaini. Ikishasaini haiwezi kumgeukia na kusema goti lina tatizo, basi mkataba umekufa. La pili, tafuta kipengele kinachosema mgogoro utaamuliwa wapi. Mchezaji wa kigeni ana haki ya kwenda FIFA, lakini mkataba unaweza kumpeleka kwenye chombo cha usuluhishi cha nchi husika. Omba iandikwe FIFA. Mambo ya nyumba, tiketi za kwenda na kurudi, bima na gharama za matibabu akiumia pia yawe ndani ya mkataba huohuo. Ahadi ya mwenyekiti haina thamani siku mwenyekiti anapoondolewa.

Kusaini siyo kusajiliwa. Klabu yenye madeni inaweza kufungiwa na FIFA kusajili, na FIFA imeweka hadharani orodha ya klabu zilizofungiwa. Itazame kabla ya kununua tiketi. Ni kazi ya dakika chache, na inaweza kumwokoa mtu na miezi ya kukaa jukwaani akiwa na mkataba mfukoni. Vilevile ITC, ile hati ya uhamisho wa kimataifa, lazima iombwe kwa shirikisho la nyumbani kabla dirisha la usajili halijafungwa. Kama kijana ana mkataba na klabu ya nyumbani, amalizane nayo kwa maandishi. Akitoroka, shauri litamfuata.

Mishahara ikikwama, kosa linalowagharimu wengi ni kupanda ndege na kurudi nyumbani kwa hasira. Ukifanya hivyo, klabu itasema wewe ndiye uliyevunja mkataba. Kanuni ni hii: klabu ikiwa na deni la angalau mishahara ya miezi miwili kinyume na mkataba, mchezaji anaiandikia barua ya madai na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe deni lote. Zikipita bila kulipwa, ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Kwa malipo yasiyo ya kila mwezi, kama zile fedha za usajili, huangaliwa kiasi kinacholingana na miezi miwili. Katika siku hizo 15 aendelee kwenda mazoezini, na akizuiwa getini apige picha na aandike barua pepe siku ileile. Shauri hufunguliwa kwenye mfumo wa FIFA mtandaoni, mchezaji hatozwi ada, na asichelewe zaidi ya miaka miwili tangu tatizo lilipotokea. Mali bila daftari huisha bila habari: taarifa za benki, barua na mkataba wenye saini zote vihifadhiwe nakala kwako wewe uliye mbali, kwa sababu simu za wachezaji hupotea.

Kwa binti zetu wanaocheza huko, kanuni hizi ni zilezile, na kuna nyongeza: likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 kwa angalau theluthi mbili za mshahara.

Maisha yenyewe El Jadida si magumu. Ni mji wa pwani wenye ngome ya Wareno iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2004, samaki wapo tele, na treni ya Casablanca inafika. Ila baridi ya Januari huwashangaza vijana wa Mtwara na Mombasa. Nyumba nyingi hazina kipasha joto na unyevu wa bahari huingia mpaka kwenye shuka. Mtumie koti zito na blanketi. Mazoezini atasikia Darija, yaani Kiarabu cha Morocco, na Kifaransa, basi aanze kujifunza Kifaransa kabla ya safari, hata kwa kutumia simu. Mwezi wa Ramadhani ratiba yote huhamia usiku, na asiyefunga ajizuie kula na kunywa hadharani mchana.

Atakayekaa zaidi ya siku 90 anahitaji kadi ya ukaazi kutoka polisi, na mkataba wa kazi wa mgeni hupitishwa na wizara inayoshughulikia ajira. Klabu husema "tunashughulikia". Aombe stakabadhi ya maombi, na pasi yake akae nayo mwenyewe. Suala la benki lianze wiki ya kwanza: dirhamu, sarafu ya Morocco, haitoki nchini kirahisi, hivyo aulizie akaunti ya dirhamu zinazobadilishika kuwa fedha za kigeni, inayofunguliwa kwa wageni, na mshahara upite humo. Akipokea taslimu mkononi, hatakuwa na njia rahisi ya kutuma nyumbani, wala ushahidi wa alicholipwa na ambacho hajalipwa.