Koki kuu iko wapi? Mwongozo wa mabomba kwa aliye nchi ya baridi

Ukikabidhiwa funguo za nyumba ughaibuni, ya kupanga au ya kununua, utauliza kodi inalipwa lini, taka zinatolewa siku gani na gari linaegeshwa wapi. Ongeza swali la nne, nami ningeliweka la kwanza: koki kuu ya maji, ile inayofunga maji ya nyumba nzima, iko wapi? Bomba likipasuka usiku wa manane, fundi hatafika kwa dakika tano, na dakika tano zinatosha kuloweka zulia, dari ya jirani wa chini na kila kilichopo kati yake.

Uingereza, nyumba nyingi huwa nayo chini ya sinki la jikoni. Marekani na Kanada, kwenye majimbo ya baridi, itafute basementi, yaani chumba cha chini ya ardhi, ukutani upande wa barabara ambako bomba linaingia ndani, karibu na mita. Ukiwa kwenye fleti, huenda imo kabatini karibu na bafu, au ipo ya jengo zima ambayo msimamizi pekee ndiye ana ufunguo wake. Hapo cha kutunza ni namba ya simu ya dharura ya msimamizi.

Ukishaipata, ijaribu. Koki ya mkono mrefu hufungwa kwa robo mzunguko: mkono ukilala sambamba na bomba maji yanapita, ukikingama yamefungwa. Ya gurudumu unaizungusha kufuata mwendo wa saa mpaka ikaze, na hii ya pili ndiyo yenye kisirani. Isipoguswa miaka kadhaa hukwama, na ukiilazimisha kwa spana shina lake linaweza kukatika mkononi. Basi ifunge na kuifungua walau mara mbili kwa mwaka, na unapoifungua hadi mwisho, irudishe kidogo, kama robo mzunguko, isishikane. Ikigoma kabisa, muite fundi ukiwa bado huna shida. Siku ya mafuriko atakutoza anavyotaka.

Sasa baridi, ambayo wengi wetu hatukuzaliwa nayo. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Wengi hudhani barafu ndiyo inayopasua bomba pale pale ilipokaa. Mara nyingi sivyo. Barafu huziba njia, kisha inavyozidi kukua inasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki ya sinki iliyofungwa. Maji hayo hayana pa kwenda, shinikizo linapanda, na bomba linapasukia penye udhaifu, hata kama hapo hapana barafu. Ndiyo maana watu hushauriwa kuacha maji yachuruzike kidogo usiku wa baridi kali: mchirizi ule unalipatia shinikizo mlango wa kutokea. Tena ufa hauonekani mpaka barafu iyeyuke, hivyo nyumba inaweza kuwa kavu siku ya baridi na kufurika siku jua linapotoka.

Mabomba ya kuangaliwa ni yale ya darini, ya gereji, ya basementi isiyo na joto, na yaliyopita ndani ya ukuta wa nje. Yavike sponji za kufunikia mabomba. Kuzivisha hakuhitaji fundi. Baridi ikikaribia nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri, yaani Fahrenheit 20, fungua milango ya kabati la chini ya sinki ili joto la chumba lifike huko nyuma. Mpira wa kumwagilia bustani uchomoe kabla ya majira ya baridi kuanza. Ukiuacha, maji hubaki yamenasa na kuganda hadi ndani ya ukuta.

Safari ya Desemba ya kwenda kusalimia nyumbani ndiyo mtego wenyewe. Mtu anazima hita ya nyumba yote ili kuokoa bili ya wiki nne, kisha anarudi kukuta sakafu imebanduka. Usishushe joto chini ya nyuzi 13. Funga koki kuu, fungua koki ya sinki au bafu iliyo chini kabisa ndani ya nyumba maji yaliyosalia yatoke, flashi choo. Kama nyumba inapashwa na boila na radieta, yaani maji ya moto yanayozunguka kwenye vyuma vya ukutani, au ina mfumo wa maji ya kuzimia moto, muulize fundi au msimamizi kwanza, kwa kuwa baadhi ya mifumo hiyo hutegemea maji hayohayo. Soma pia mkataba wako wa bima. Mingi ina kipengele cha nyumba iliyoachwa tupu, na baadhi hudai joto liendelee kuwaka au mtu awe anapita kukagua.

Ukikuta bomba limeganda, acha koki ya sinki wazi na ulipashe taratibu kwa mashine ya kukaushia nywele, ukianzia upande wa koki kurudi kwenye barafu. Usitumie moto wa wazi, na usishike kifaa cha umeme ukiwa umesimama kwenye maji.

Kwenye maji taka sina mengi. Mafuta ya kupikia yasiingie sinki, yakipoa yamwage kwenye takataka. Vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia havilainiki kama karatasi ya choo, hata pakiti ikisema vinaflashiwa. Mwaka 2017, chini ya Whitechapel jijini London, lilikutwa bonge la mafuta na vitambaa hivyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Sinki likiziba, anza na pampu ya mpira. Dawa kali za kuzibulia mimi sizipendi: ukichanganya mbili tofauti zinaweza kutoa gesi ya sumu, na ukimwita fundi bila kumwambia umemwaga dawa, atafungua bomba na kuungua mikono.

Bili ikipanda bila sababu, shuku choo. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi lake, kaa nusu saa bila kuflashi. Rangi ikijitokeza bakulini, mpira wa ndani umechoka. Kama si choo, funga kila kitu, soma mita, rudi baada ya saa mbili. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja.

Mpangaji asitengeneze kimyakimya wala asisubiri. Doa dogo darini lipige picha, mwandikie mwenye nyumba siku hiyohiyo, na hata mkizungumza kwa simu, tuma ujumbe baadaye unaotaja tarehe na mlichokubaliana.