Beji ya kijeshi usiyoijua? Anzia nyuma

Ukikuta beji ya kitambaa kwenye shati la mtumba pale Kongowea, au ndani ya sanduku la marehemu babu, usikimbilie mchoro wa mbele. Igeuze. Nyuzi zilizokatika na matundu ya sindano ukingoni huonyesha iliwahi kushonwa kwenye nguo; gundi ya kubandikia kwa pasi ni dalili ya kitu cha juzijuzi. Kisha ingia gizani uimulike kwa ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti. Uzi ukiwaka weupe wa kibuluu, yaelekea ni wa baada ya Vita vya Pili. Ila sabuni za siku hizi nazo huacha mng'ao huo huo, kwa hiyo uliza kwanza kama imefuliwa.

Sasa soma mchoro. Kichwa cha kifaru (mnyama, si gari la vita) kilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944. Buibui ni wa Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi.

Na tafadhali, usiifumue kabla ya kuipiga picha ikiwa bado begani, na kuandika ni bega la kulia au la kushoto.