Ukigongwa na gari, hifadhi kwanza namba yake

Mpwa wangu aligongwa na gari Ubungo, na jambo lililotusaidia zaidi ni dogo: kabla gari halijaondolewa, piga picha namba yake ya usajili, kisha uihakiki katika mfumo wa mtandaoni wa TIRA (Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania), ambao huonyesha kampuni iliyolikatia bima na kama bima hiyo bado ni hai. Sheria inalazimisha kila gari liwe na angalau bima ya mtu wa tatu, yaani ile inayomfidia mtu mwingine aliyeumizwa na gari hilo, hivyo wakili wako anaweza kulielekeza dai la majeraha kwa kampuni hiyo badala ya kumtegemea dereva ambaye mara nyingi hana uwezo wa kulipa. Mpelekee wakili pia nakala ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi) na risiti zote za matibabu. Tafadhali usisaini karatasi ya kuridhiana ukiwa bado kitandani, kwa kuwa gharama za mfupa uliovunjika hujulikana baadaye sana. Njia hii hushindwa gari likikimbia bila namba kuonekana. Bima ikiwa imekwisha, atakayedaiwa ni dereva pamoja na mmiliki, na shauri la madai ya madhara hufunguliwa ndani ya miaka 3.