Mafuta ya damu yamepanda na uko na mimba? Usiache kula, fuata hii

Juzi mama mmoja amekuja kliniki yetu hapa Eastlands, mimba wiki 30, mkononi karatasi ya maabara inasema mafuta ya damu yako juu, kumbe tangu aisome ameacha mafuta kabisa, sukuma anachemsha na chumvi, avokado anapea kifungua mimba wake. Nikamlaza nikapima urefu wa tumbo na tepu, ikasoma sentimita 26, na wiki 30 inafaa iwe karibu 30. Iliniuma sana, nikamtuma skani siku hiyo hiyo.

Hatua ya 1: anza foliki (folic acid, ni vitamini ya kidonge) kabla ya mimba. Mgongo na ubongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi baada ya mimba kutunga, na hapo wengi hata hawajajua wako nayo. Mikrogramu 400 kila siku inatosha wengi, lakini kama ulishazaa mtoto wa mgongo wazi, ama uko na sukari au unameza dawa za kifafa, ona daktari kwanza, yako inaweza kuwa nyingi zaidi.

Hatua ya 2: ile dawa ya damu ya kliniki, chuma miligramu 60 na foliki mikrogramu 400 ndani ya kidonge kimoja, meza na maji ama maji ya machungwa. Si chai! Chai inazuia chuma, ngoja saa moja ama mbili. Ikikuletea kichefuchefu meza usiku baada ya chakula, choo kikiwa cheusi usishtuke. Na odowa, yale mawe ya kutafuna, tafadhali wacha.

Hatua ya 3: hiyo karatasi sasa. Mimba yenyewe inapandisha mafuta, triglaiseridi (aina moja ya mafuta ya damu) miezi ya mwisho zinaweza kufika mara mbili hata tatu ya kawaida yako, kwa sababu mwili unaweka akiba na mtoto anachukua ya kujenga ubongo, macho na ile nyama laini ya chini ya ngozi. Kwa hivyo usijilinganishe na vipimo vya mtu hana mimba. Lakini kama yalikuwa juu hata kabla ya mimba, ama unameza statini, zile dawa za kushusha mafuta ya damu, mwambie daktari mapema. Na tumbo likiuma vibaya hapo juu, maumivu yapenye mgongoni na unatapika, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, usilale nayo.

Hatua ya 4: chagua mafuta, usiyafukuze. Vitamini A, D, E na K zinahitaji mafuta ndio ziingie mwilini, so managu na terere weka kijiko cha mafuta. Omena ndio napenda zaidi kwa ubongo wa mtoto, na bei yake si mbaya: toa vichwa, osha na maji moto mara mbili, kausha kwa sufuria bila mafuta mpaka zilie, ndio uweke kitunguu, nyanya na mafuta kidogo. Chipsi za mafuta yamekaangiwa siku nzima, hizo ndizo za kuacha. Maini pia punguza, vitamini A yake ni nyingi mno kwa mtoto, hasa miezi mitatu ya kwanza, na usirundike vidonge vya vitamini vya duka juu ya vya kliniki.

Hatua ya 5: uliza namba ya tepu kila ukipimwa. Kuanzia wiki 24 sentimita hukaribia wiki, tofauti ikifika 3 uliza skani. Na mtoto akipunguza kucheza usingoje tarehe ya kliniki, kuja tu.