Namna ya kutazama filamu ya Madame du Barry ya 1935

Kwanza, zuia televisheni yako isivute picha ijae kioo. I Give My Heart ilitengenezwa Uingereza mwaka 1935, na picha za wakati ule zilikaribia kuwa mraba. Ukiivuta, nyuso zinapanuka, na yale magauni ya Versailles, ikulu ya wafalme wa Ufaransa, mapana kama vyandarua vilivyotandazwa, yanapoteza umbo lake. Acha weusi ukae pembeni. Kama huipati kwa jina hilo, itafute kwa jina ililopewa Marekani, The Loves of Madame Dubarry.

Sauti nayo ina mambo yake. Ilinaswa kwenye ukanda wenyewe wa filamu, kwa hiyo besi ni haba na noti za juu hukwaruza. Spika kubwa ya besi haikusaidii kitu. Vaa hedifoni za kawaida, punguza sauti kidogo kuliko ulivyozoea, na noti za juu zitakuja safi.

Hadithi ijue kabla hujakaa, maana opereta, yaani mchezo mwepesi wa kuimbwa, haisubiri mtu. Jeanne Bécu, ndiye Madame du Barry mwenyewe, alizaliwa Vaucouleurs, Ufaransa, mwaka 1743, akafanya kazi katika duka la kofia na mapambo huko Paris. Jean-Baptiste du Barry ndiye aliyemwingiza kwa wakubwa. Akawa kimada wa mfalme, Louis wa 15. Lakini kimada rasmi wa mfalme hakuweza kutambulishwa mbele ya ikulu bila cheo, hivyo mwaka 1768 akaozeshwa Guillaume, ndugu yake Jean-Baptiste, ili apate jina tu. Mwezi wa Aprili 1769 akatambulishwa rasmi. Louis wa 15 alikufa kwa ndui mwaka 1774, na Jeanne akauawa kwa gilotini Desemba 1793. Ukiwa na miaka hiyo kichwani, kila tabasamu la yule binti wa dukani linakuuma.

Sasa lile ninalotaka ulishike kuliko yote: sikiliza nani anaimba. Ninafundisha kwaya, sauti ya kwanza, na nimewaketisha wasichana wangu mbele ya filamu hii zaidi ya mara moja kwa ajili ya Gitta Alpár, anayemwigiza Jeanne, peke yake. Alizaliwa Budapest, binti wa kiongozi wa nyimbo katika sinagogi. Mwaka 1931 aliimba nafasi hii hii kwenye ukumbi wa Admiralspalast, Berlin, katika opereta yenye muziki wa Carl Millöcker uliofumwa upya na Theo Mackeben. Wanazi waliposhika nchi mwaka 1933, Myahudi hakuwa tena na jukwaa pale. Kwa hiyo unapomwona akiimba kwa Kiingereza, mbele ya mwigizaji Owen Nares aliyevaa taji la Ufaransa kama Louis wa 15, unamsikia mtu aliyefukuzwa na wimbo wake, akaubeba hadi nchi nyingine na lugha nyingine. Mimi siwezi kuusikiliza ule wimbo wa kutoa moyo, ulioipa filamu jina lake, bila kulifikiria hilo.

Mambo ya René, kijana anayempenda mwanzoni, yatazame bila haraka ila usiyatafutie historia; ni ya jukwaani.

Tazama mara ya kwanza mfululizo, simu ikiwa mbali. Kesho yake rudi kwenye nyimbo tu. Fumba macho, weka kiganja tumboni, uvute pumzi pale anapovuta yeye. Wasichana wangu wengi huishiwa pumzi kabla yake, na hapo ndipo tunaanza mazoezi.