Rimoti ya gari ikizingua, usianze kwa kununua mpya

Kazi yangu ni kutoa magari ya watu bandarini Dar es Salaam, na simu ninayopigiwa sana baada ya mteja kukabidhiwa gari lake haihusu injini wala gia. Ni "Kaka, rimoti imegoma." Gari la mtumba kutoka Japani mara nyingi linakuja na ufunguo mmoja tu, na huo mmoja ndio unaodondoka bafuni na kutafunwa na mtoto. Mtu akishaambiwa bei ya ufunguo mpya wa pushi stati, yaani wa gari linalowashwa kwa kubonyeza kitufe, ndipo ananikumbuka.

Ninachomuuliza kwanza ni hiki: gari linawaka? Maana ufunguo wa kuchomeka ni vitu vitatu ndani ya kasha moja. Kuna chuma kinachozungusha swichi. Kuna saketi ya rimoti yenye betri, ambayo kazi yake ni milango. Na kama gari lina immobilaiza, mfumo wa kuzuia wizi, kuna chipu inayoutambulisha ufunguo kwa gari. Bila hiyo chuma kitazunguka na injini haitawaka. Kwenye ufunguo huo, chipu haitumii betri kabisa. Kwa hiyo gari likiwaka ila milango haisikii kitufe, kilichokufa ni rimoti peke yake, na fundi anayekutajia bei ya ufunguo mzima kabla ya kuuliza hilo, mshukuru uondoke.

Anza na betri. Fungua kasha usome namba: CR2032, CR1632, CR2016 na kadhalika. Tarakimu mbili za mwisho ni unene, 32 ni milimita 3.2 na 16 ni milimita 1.6, ndiyo maana betri ya 2016 ukiibandika mahali pa 2032 inacheza na rimoti inafanya kazi siku inayojisikia. Kwa gari la pushi stati lenye betri iliyoisha, hujakwama bado: ndani ya rimoti kuna kichuma cha kufungulia mlango, na kwenye Toyota nyingi unagusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki, gari linawaka.

Betri mpya haijasaidia? Angalia vitufe. Ile raba ya juu ikitoboka, kidole kinaharibu swichi ndogo iliyo chini yake kwenye saketi. Hapo huhitaji fundi funguo, unahitaji fundi simu mwenye mkono mwepesi wa kuchomelea. Anabadilisha swichi ukisubiri, na gharama yake haikaribii kabisa ya rimoti mpya. Kasha likipasuka nalo linauzwa tupu, Kariakoo yamejaa. Unahamisha saketi na chuma. Lakini itafute chipu kabla ya kutupa kasha la zamani! Kwenye funguo nyingi ni kipande cheusi kidogo kilichogandishwa kwenye plastiki, mbali na saketi, na watu wanakitupa jalalani kisha wanashangaa gari limegoma kuwaka.

Sasa tuseme rimoti imekufa kweli au imepotea. Hapa ndipo pesa zinapoliwa. Rimoti za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani zinatumia masafa ya redio ya takriban megahezi 312 hadi 315, na za Ulaya nyingi ni megahezi 433. Mteja wangu mmoja wa Tegeta aliagiza rimoti mtandaoni, nzuri, inafanana na ya kwake hadi nembo, kumbe ni ya Ulaya. Hakuna mashine itakayoifanya isikilizane na gari lake. Usinunue kwa sura. Fungua ufunguo ulio nao, piga picha saketi pande zote mbili, na ulinganishe namba iliyochapishwa pale. Kwenye rimoti nyingi za pushi stati za Toyota namba hiyo inaanza na 271451, na tarakimu zinazofuata baada ya kistari ndizo zinazotofautisha saketi moja na nyingine. Namba hiyo ndiyo umpelekee muuzaji, pamoja na modeli na mwaka wa gari.

Rimoti ya pushi stati iliyotumika inavutia kwa bei, lakini ikishasajiliwa kwenye gari moja inajifunga. Nunua tu kama fundi amekuhakikishia ana mashine ya kuifungua, na muanze kwa kuifungua kabla hujalipa. Mafundi wengi pia wana rimoti tupu za Xhorse, kampuni ya China, ambazo mashine inaziandikia aina na masafa unayotaka. Mimi sina ugomvi nazo, wateja wangu kadhaa wanazitumia.

Bei inaamuliwa zaidi na kitu kimoja: je, bado una ufunguo unaofanya kazi? Ukiwa nao, kuongeza wa pili ni kazi fupi. Toyota nyingi za zamani za kuchomeka hukubali rimoti mpya hata bila mashine, kwa mpangilio wa kufungua mlango na kuchomeka na kuchomoa ufunguo, na milango inajifunga na kujifungua yenyewe kukujibu. Ukiwa umepoteza zote, fundi inabidi aingie kwenye kumbukumbu ya immobilaiza, wakati mwingine kwa kufungua dashibodi, na hapo unalipia muda wake na hatari anayobeba. Chonga wa pili gari likiwa bado na harufu ya meli.

Siku ya kusajili ufunguo mpya nenda na funguo zote, maana baadhi ya magari hufuta za zamani yanapopokea mpya. Betri ya gari iwe na chaji ya kutosha. Umeme ukishuka katikati ya kazi unaweza kuharibu kompyuta ya gari. Fundi akidai kadi ya gari na kitambulisho usinune, huyo ndiye unayemtaka. Kabla ya kulipa, jaribu milango yote na buti ukiwa hatua kadhaa mbali, washa na kuzima gari kwa ufunguo mpya, halafu rudia yote kwa ule wa zamani.